Kusikiliza Chini ya Kelele

Katika maabara ya maikrowevu, kazi ya kutwa huanza kwa kuuacha mtambo upate joto. Mwanafunzi wa uzamili ameshatengeneza kichujio chake cha masafa, kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole, na ana hamu ya kujua kama kinafanya kazi. Hata hivyo anakiweka kando na kugeza kwanza kifaa cha kupimia. Kwenye ncha ya kebo anafunga kifuniko cha chuma kinachorudisha wimbi lote, anasoma. Anafunga kilicho wazi, anasoma. Anafunga chenye ukinzani wa omu 50, kinachomeza wimbi badala ya kulirudisha, anasoma tena. Mwishowe anaziunganisha kebo zake mbili uso kwa uso. Kila nati anaikaza kwa spana maalumu inayolegea yenyewe nguvu ikitosha. Kuanzia hapo kebo haziguswi ovyo. Zikipindwa, anarudia yote.

Si ushirikina wa maabara. Kwenye masafa ya gigahezi 10, wimbi lina urefu wa sentimita 3 hewani, hivyo mwanya wa milimita moja unalisogeza kwa nyuzi 12 kati ya 360. Umeme wenyewe hauingii ndani ya shaba. Hupita kwenye ngozi yake ya nje, unene usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita, na mkwaruzo ambao fundi wa nyaya za nyumba asingeujali hapa unabadilisha jibu. Muuza asali hupima chombo kitupu kabla ya kumimina. Mhandisi huyu naye anatafuta kwanza uzito wa kebo, viunganishi na mtambo wake, auondoe kwa hesabu. Kinachobaki ndicho kichujio.

Naiheshimu kazi hii kwa sababu hiyo hasa. Mtafiti wake anatakiwa aeleze kwanza yeye mwenyewe ameongeza nini kwenye kipimo, ndipo aruhusiwe kusema kitu kuhusu dunia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni tasnifu ya uzamivu ya Sander Weinreb, aliyoikamilisha MIT, Marekani, mwaka 1963. Alikuwa akitafuta ishara ya deuteri, haidrojeni nzito, kutoka katika mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota. Wataalamu walijua ingekuwa kwenye masafa ya karibu megahezi 327. Walijua pia kwamba ingekuwa dhaifu mno, imezama chini ya kelele. Kila kitu chenye joto hutoa kelele ya redio: ardhi, antena, na zaidi ya vyote amplifaya ya kwanza, kwa kuwa chochote inachoongeza hukuzwa na hatua zote zinazofuata, sambamba na ishara yenyewe.

Dawa ya kelele ni muda: sikiliza sana, tafuta wastani. Lakini mitambo ya siku zile haikutulia. Kila mkondo wa masafa ulikuwa na saketi yake, na kila saketi iliyumba kivyake, hivyo kusikiliza kwa muda mrefu kulikusanya pia makosa ya mtambo. Weinreb akachukua njia ambayo kwa haraka inaonekana ya hasara. Kila sampuli ya ishara aliiuliza swali moja tu: uko juu ya sifuri au chini? Ukubwa wake akautupa. Majibu hayo ya ndiyo na hapana akayalinganisha na yaleyale yaliyocheleweshwa kidogo, akahesabu, na kwa hisabati akairudisha picha ya masafa yote. Ili kufikia usahihi uleule ilimlazimu asikilize karibu mara mbili na nusu zaidi. Gharama hiyo aliikubali, kwa sababu kuhesabu kwa dijitali hakuyumbi.

Deuteri hakuipata. Mwaka 1962 alichapisha alichokuwa na haki ya kukisema: kama ipo, haizidi kiasi hiki. Kusimama hadharani na jibu la namna hiyo kunataka mtu aujue mtambo wake hadi mwisho, la sivyo kimya cha mbingu na uziwi wa chombo havitofautishiki. Oktoba 1963, yeye na wenzake watatu waliutumia mtambo wa aina hiyo kwenye antena ya Millstone Hill, jimbo la Massachusetts, wakaipata hidroksili kwenye megahezi 1665 na 1667. Ilikuwa molekuli ya kwanza kugunduliwa kwa redio katika anga ya kati ya nyota. Ile deuteri ilitangazwa na kikundi cha kituo cha Haystack cha MIT mwaka 2005, zaidi ya miaka 40 baadaye, baada ya kusikiliza kwa miezi mingi na kuwinda kelele za vifaa vya umeme vya majirani.

Kwa walimu wa vyuo vyetu wanaosahihisha tasnifu za uhandisi nina ombi. Sura ya ugezi na makosa ya vipimo isomwe kabla ya sura ya matokeo, na mwanafunzi aliyeandika kwa ushahidi kamili kwamba hakukipata alichokitafuta apewe alama zake zote.