Kupima Orodha ya Yaliyomo katika LaTeX

Tasnifu za Kolwezi, mji wa Kongo, huandikwa kwa Kifaransa na hufuata desturi ya lugha hiyo, hivyo mara nyingi huwa na orodha mbili: fupi mwanzoni, kamili mwishoni. Jicho la mjuzi huanzia hapo. Orodha ya mbele ikienea kurasa nne, hakuna kilichochaguliwa; ya nyuma imenakiliwa tu. Katika LaTeX, mfumo wa Leslie Lamport uliojengwa juu ya TeX ya Donald Knuth, kina cha orodha huamuliwa na kihesabio tocdepth: 0 huishia kwenye sura, 1 huongeza sehemu, 2 vifungu. Mbele 0 hutosha, na kifurushi shorttoc huitoa bila kuigusa ile ya nyuma.

Kisha hutafutwa kilichopotea. Utangulizi wa jumla na hitimisho la jumla kwa kawaida havina namba, na amri yenye kinyota inayovichapa haiviingizi kwenye orodha. Fundi huongeza \addcontentsline baada ya kichwa. Akiitanguliza, huweza kuandikwa ukurasa uliopita.

Ustadi wenyewe huonekana kwenye kingo za mistari. Namba ya sehemu imetengewa upana wa 2.3em, kipimo kinachofuata ukubwa wa herufi. "3.2" hupumua humo, "10.12" karibu inagusa kichwa chake. Namba ya ukurasa ina 1.55em, yaani tarakimu tatu. Ripoti ya athari za mgodi wa shaba ikivuka ukurasa wa 999, tarakimu ya nne hutokeza pambizoni, aibu ambayo kifurushi tocloft huiondoa kwa mstari mmoja.

Kichwa kirefu kama "Bwawa la Nzilo, zamani Delcommune, na mtiririko wa Lualaba" kikivunjika, mstari wa pili uanzie chini ya neno la kwanza, kamwe si chini ya namba. Bora zaidi ni kuandika umbo fupi katika mabano ya mraba ya amri: orodhani "Bwawa la Nzilo", ukurasani kichwa kizima.

Mwisho hufunguliwa kurasa chache na kulinganishwa na orodha. LaTeX huhifadhi vichwa katika faili la .toc na kuvisoma safari inayofuata, kwa hiyo hati iliyopitishwa mara moja hubeba namba za jana. Orodha ya mbele ikirefuka husukuma sura zote, na safari ya tatu huwa lazima. Ya nyuma haisukumi kitu.