Kupekupe na Tupa

Majani ya Bengamisa hayana likizo. Ukitoka Kisangani kwa barabara ya Buta unavuka Tshopo, kisha Lindi, na baada ya kilomita 50 hivi umefika, karibu nyuzi moja tu kaskazini mwa ikweta. Mvua huko hupita milimita 1,600 kwa mwaka, na tunachokiita kiangazi ni majuma machache ya Januari na Februari ambayo mtu wa Lubumbashi angeyacheka. Uwanja uliokatwa Jumatatu, ukiurudia Jumatatu ya pili unakutazama kama hamjawahi kujuana.

Kwa hiyo ninaposikia habari za watu wa nchi kame wanaobembeleza majani yao yaote, wakiyanywesha kwa mpira jioni, nawaonea huruma na wivu kwa pamoja. Kwetu jani halibembelezwi. Linapunguzwa. Na chombo cha kulipunguza ni kupekupe.

Jina ni la Kifaransa, coupe-coupe, lililokwisha kuzoea vinywa vyetu. Mtanzania atasema fyekeo au kwanja. Mkenya na Mganda, slasha. Ni bamba la chuma lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, limepindwa karibu na ncha, lina makali pande zote mbili, na mpini wa mti au ukanda wa mpira wa baiskeli uliozungushwa pa kushikia. Hakuna anayeiandikia sifa. Mashine ya kukata nyasi, yenyewe, ina historia yenye tarehe: Mwingereza Edwin Budding, fundi wa Stroud, aliipatia hataza mwaka 1830, na wazo alilitoa katika viwanda vya nguo, kwenye mashine iliyopunguza manyoya ya kitambaa cha sufu kwa visu vinavyozunguka. Kama inanyoa kitambaa, kwa nini isinyoe uwanja? Napenda hadithi hiyo kwa sababu inapatana na mdomo wa watu wa Bengamisa, ambao nao husema uwanja umenyolewa. Kupekupe haina tarehe wala mtu wa kumshukuru.

Yangu ya kwanza niliinunua kwa macho, sokoni Kisangani. Ilipakwa rangi nyekundu, ilikuwa nyepesi, na muuzaji aliizungusha hewani kama upanga wa sinema. Mzee niliyemkuta Bengamisa, ambaye zamani alikuwa kantonye, yaani mtunza barabara, kwenye njia hiyohiyo ya Buta, hakuisifu wala kuikashifu. Aliomba tupa. Akaipitisha mara moja tu kwenye makali, taratibu, ameinamisha kichwa.

—Unasikia, mutoto?

—Hapana, Papa.

—Basi ni hivyo. Haisemi kitu.

Chuma laini huliwa na tupa kimya, kama sabuni, na kabla jua halijapanda makali yamelala. Chuma kigumu mno, tupa huteleza juu yake kwa mlio wa kioo, na siku kikigonga jiwe kinang'oka meno. Kinachotafutwa ni chuma kinacholalamika: tupa inashika, inakwaruza, unga unaanguka kidogo kidogo. Kupekupe yake ilifuliwa na mhunzi kutoka springi ya lori, nyeusi, alama za nyundo bado ziko mgongoni. Sura mbaya kabisa. Alipoipiga kwa ukucha ililia, ikaendelea kulia.

Halafu kimo. Alinisimamisha wima, akaniambia niiachie mkono ulegee, kama mtu aliyebeba ndoo. Ncha iliyopindwa inatakiwa kulala sambamba na ardhi bila wewe kukunja mgongo. Yangu ilielekea chini, ikitaka kuchimba. Aliiingiza kwenye panda ya mti wa mwembe, akaisukuma kwa uzito wa mwili, akanipa nijaribu, akairudisha, akaisukuma tena kidogo. Tangu siku hiyo sikubali kuazima kupekupe ya mtu wala kuazimisha yangu, na watu wakiniita mchoyo nanyamaza. Pindo lake ni kipimo cha mwili wangu. Ni kama kuazima meno.

Kisangani wengi huiita tupa kwa jina la Kifaransa, lime, na sikio la Kiswahili linasikia amri: lima! Kosa zuri la lugha, maana kazi yenyewe huanzia hapo. Nilidhani kunoa ni kitu cha kufanya nyumbani jioni, kama kung'arisha viatu. Mzee ananoa uwanjani. Anakaa juu ya gogo, anakanyaga bamba kwa unyayo, makali yakitazama nje, na tupa inakwenda upande mmoja tu, kumtoka yeye kwenda mbele. Mwisho wa mkono anaiinua, anairudisha hewani, anaanza upya. Mimi nilikuwa nasugua mbele na nyuma kama mtu anayepiga mswaki, akaninyang'anya. Kurudi nyuma kunaua meno ya tupa, na tupa nzuri ni ghali kuliko kupekupe. Akishamaliza anapapasa upande wa pili kwa dole gumba, anakuta ule ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, anaukata kwa jiwe la mtoni lililolowa. Mara mbili, tatu. Asubuhi moja nilihesabu: alisimama kunoa mara nane kabla ya saa nne. Nilihesabu pia kwa sababu nilikuwa nimechoka na kila alipokaa nilipata kisingizio cha kukaa.

Na saa ni muhimu. Wanaokuja na jua wanapigana na majani yaliyolegea, yanayolala chini chuma kikipita na kuinuka nyuma yake. Alfajiri, umande ukiwa bado juu yake, jani limejaa maji, limesimama, lina uzito wa kuyapinga makali. Linakatika kwa sauti ndogo, tsss, na linaanguka palepale. Nguvu haitoki begani. Inatoka nyonga, kiwiliwili kinageuka, mkono unafuata tu, na kwa kuwa kuna makali pande zote mbili, kurudi nako ni kukata. Papa aliniambia nisitie nguvu, niache chuma kifanye kazi chenyewe. Ilinichukua majuma mawili kumwelewa, na malengelenge manne.

Majani yenyewe tunayaita pasipalumu, hata pale ambapo mtaalamu angetaja jina lingine. Ile ya kweli asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwetu ilijaa kwenye misheni, hospitali na nyumba za wakubwa, na baadaye kwenye viwanja vya watu wa kawaida. Wengi bado wanapendelea ua wa udongo mtupu, unaofagiwa kila asubuhi kwa fagio la chelewa hadi ubaki na michirizi ya kupendeza, na sababu wanayo: nyoka anaonekana mbali. Lakini tazama nyumba yenye ua wa kufagiwa kwa miaka ishirini. Mvua imekula udongo, fagio limeisaidia, na kizingiti kilichokuwa sawa na ardhi sasa kinahitaji ngazi. Pasipalumu inashika udongo kwa mashina yake yanayotambaa. Sharti lake moja ni kutokukwanguliwa. Ukiiachia urefu wa kidole inajifunga yenyewe kama mkeka. Ukiikata hadi ngozi, jua linafika chini, na magugu ya majani mapana yaliyokuwa yakingoja mwanga yanakushukuru.

Panga ni la vichaka na miche ya miti, jembe ni la kung'oa kisiki cha matete, reki ni ya kukusanya. Vina heshima yake. Sina mengi ya kusema juu yake.

Mashine niliiona ikijaribiwa pia. Ofisi moja, nisiyoitaja, iliagiza ya petroli. Ikaja imefungwa nyuma ya pikipiki kama mbuzi. Juma la kwanza watoto walijaa kuitazama. Majani mabichi ya asubuhi yaliganda chini yake kama ugali, na kusubiri yakauke kulimaanisha kukata saa sita juani. Kisha ikakutana na kichuguu kilichojificha. Kisu kikapinda, buji ikatafutwa hadi mjini, petroli ya mashine ikahitajika kwenye pikipiki, na mara ya mwisho nilipopita kuku alikuwa ametaga juu yake. Siicheki mashine. Kwenye uwanja tambarare, mkavu, penye fundi na vipuri karibu, ni chombo kizuri, na mgongo wa mtu una thamani. Nasema tu kwamba aliyeichagua aliutazama mfuko, hakuutazama uwanja.

Bengamisa kuna chuo cha juu cha kilimo, ISEA, na wanafunzi wake hujifunza udongo, mbegu na magonjwa ya mimea. Ningependa siku moja watakiwe kwenye mtihani kunoa kupekupe mbele ya mwalimu. Nina sababu ya ubishi huu. Watu wa kizazi changu na wale waliotutangulia walikishika chombo hiki kwanza kama adhabu: kuchelewa shule, kata majani, kupiga kelele, kata majani. Wazazi wetu walikipata kwenye Salongo, kazi ya lazima ya enzi za Mobutu. Chombo unachokabidhiwa kwa hasira hukinoi. Unakitupa kwenye kona kikiwa na matope, na unakua ukiamini kwamba kufyeka ni kazi ya asiyejua kitu.

Mzee hakukatia uzuri. Alikatia barabara. Alinieleza kwamba kando ya njia majani marefu na matawi yanaweka kivuli, kivuli kinaweka maji, na maji yakilala siku tatu lori linafanya handaki. Jua likifika njiani, barabara inajikausha bila mtu kuibembeleza. Siku hizi kazi kama hiyo hufanywa na kamati za wanakijiji, CLER, nao huenda na zana zilezile. Ukipita kwa pikipiki baada yao unaona upesi ni kijiji gani kina tupa.

Safari yangu ya mwisho aliniachia nusu ya uwanja, upande wa mwembe, yeye akachukua upande wa barabara. Tulimaliza pamoja, au karibu. Siku ile nusu mbili zilifanana, nikajipongeza moyoni. Mvua ikanyesha usiku wa siku mbili mfululizo, majani yakainuka, na upande wangu kila pigo la mkono wangu likajitokeza, ngazi kwa ngazi, kama kichwa kilichonyolewa na mtoto mwenye mkasi. Upande wake ulikuwa umepanda sawasawa, hauna alama hata moja ya mtu.

Msichana aliyekuwa akipita na ndoo alisimama, akatazama, akaniuliza ni nani aliyekata kule kwenye mwembe. Nikamwambia ni mvua.