Find_Orb: Nimeijaribu Garsen, sijalala!

Jamani, programu hii! Inaitwa Find_Orb, ameiandika Mmarekani Bill Gray, na hailipishwi hata shilingi. Unaipa mahali asteroidi ilipoonekana angani na saa ilipoonekana, nayo inakutolea obiti, yaani njia nzima ya mwamba huo kulizunguka jua. Hesabu iliyomtoa jasho mwanahisabati Gauss mwaka 1801, sayari ndogo Ceres ilipopotea machoni pa wanaastronomia, hapa Garsen imekwisha kufumba na kufumbua.

Nilianza na asteroidi 2008 TC3. Vipimo vyake viko wazi kwa yeyote kwenye hazina ya Minor Planet Center. Nikaingiza vya mwanzo tu, vya Mount Lemmon kule Arizona, Oktoba 6, 2008. Jibu likaja legelege, maana nukta chache zinakubali obiti za kila namna. Nikaongeza vya saa zilizofuata. Wallahi, tarakimu zikaanza kutulia, kisha skrini ikatangaza kwamba inagonga Dunia! Na mahali ikataja: kaskazini mwa Sudan, Oktoba 7, saa kumi na moja na dakika 45 alfajiri kwa saa zetu. Nywele zilinisimama. Ndivyo ilivyokuwa kweli: jiwe la kama mita 4 lilipasuka juu ya Jangwa la Nubia, na baadaye Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na wanafunzi wake, wakiwa na mwanaastronomia Peter Jenniskens, wakaokota vipande mchangani.

Utamu wenyewe uko kwenye safu ya tofauti. Kila kipimo kinaonyesha kimeachana na obiti kwa sekunde ngapi za digrii, na digrii moja ina sekunde 3,600. Kikipotoka mno unakizima, unapiga hesabu upya. (Usizime kila kinachokukera, utapata obiti safi ya uongo.)

Sura? Mbaya! Vitufe vimebanana kama abiria wa matatu ya Malindi. Mstari wa kipimo una nafasi 80, na tarakimu ikisogea nafasi moja tu, umeharibu.

Lakini vipimo vinataka giza, na giza sisi tunalo. Ukitoka Minjila kuelekea Kipini, nyota zote ni zako. Na Aprili 13, 2029, asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, ionekane Afrika kwa macho matupu, masika yakituachia anga. Mwenye darubini na kamera, awe Hola, Garsen au Lamu, tutafutane mapema: vipimo vya usiku ule nataka tuvipige wenyewe.