Nani Apewe Jicho Moja?

Fundi wa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, anayechora bango la saluni ana kichwa kimoja tu cha kuhangaikia. Mpe ukuta mzima achore vita, ndipo utajua kwamba uchoraji ni kazi ya kupanga kabla haujawa kazi ya rangi. Watu, farasi, mizinga, moshi: mtazamaji atajuaje nani ni nani?

Wachoraji wa Ethiopia walilijibu swali hilo zamani. Tazama picha za vita vya Adwa, ambako Machi 1, 1896 jeshi la mfalme Menelik II liliwashinda Waitalia. Zimechorwa kwa miongo mingi, nyingine kwa kuagizwa, nyingine za kuuzia wageni Addis Ababa, na nyingi ni juu ya kitambaa cha pamba. Mwethiopia huchorwa uso mzima, macho yote mawili. Mwitalia huchorwa kwa ubavu, jicho moja basi. Kanuni hiyo ilitoka makanisani, ambako kwa karne nyingi watakatifu walipewa macho mawili na waovu moja.

Jicho likishaamuliwa, mengine hufuata. Mara nyingi Waethiopia wako kushoto, Waitalia kulia. Menelik yuko chini ya mwavuli. Taytu, mkewe, yuko juu ya farasi, bastola mkononi. Angani katikati ni Mtakatifu Joji, kwa kuwa vita vilipiganwa siku yake. Ila mimi hukawia kwenye safu za askari. Nyuso zimebanana, moja juu ya nyingine, kila moja imezungushiwa mstari mweusi, na hakuna iliyomezwa na mwenzake. Wapo wanaouita uchoraji huu wa kitoto. Wachore wao jicho lile lile mara mia, mkono usilegee, tuone.

Nasi Warundi tuna vita vyetu. Mfalme wetu Mwezi Gisabo alimzuia Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, asiitwae Burundi, kisha akapambana na Wajerumani hadi mkataba wa Kiganda wa 1903. Kwa Mjerumani hakuna tabu: jicho moja. Lakini watu wa Rumaliza walisema Kiswahili, lugha tunayopigia soga Nyakabiga na Buyenzi mpaka leo. Hao wachorwe vipi? Mwenye ukumbi na fedha na aagize picha hiyo kwa fundi wa mtaani, amlipe nusu kabla hajagusa brashi, na hesabu ya macho amwachie mwenyewe.