Kikumbusho kama Hati ya Madai: Masalio ya Askari wa Kawaida katika Fasihi na Kumbukumbu za Afrika Mashariki

Maandishi ya Mnara wa Askari, uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, yamewashughulisha zaidi wanahistoria kuliko wahakiki. Yanastahili kusomwa kama matini, na si kwa sababu tu kwamba maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yameandikwa pia kwa Kiswahili, kwa hati za Kirumi na za Kiarabu, nayo yanatoa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mnara wenyewe hautaji jina la askari hata mmoja. Aliyewaingiza vitani amelihamisha deni la kumbukumbu na kuwatwika watoto wa marehemu. Mwaka 2021 kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, au pengine hawakuadhimishwa kabisa.

Watoto hao walibaki na nini cha kukumbukia? Nishani, cheti, picha, kipande cha sare. Mazoea ya uhakiki ni kuviona vitu hivi kuwa alama za hisia: huzuni ya mjane, fahari ya mjukuu. Hoja yangu ni kwamba kikumbusho cha askari wa kawaida ni hati ya madai kwanza, na hisia huzaliwa ndani ya madai hayo.

Tutazame nishani. Zile za fedha walizopewa askari wa King's African Rifles baada ya vita vya 1914–1918 zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Nyota ya Burma, waliyotunukiwa waliopita bonde la Kabaw mwaka 1944, ilitolewa bila jina. Ikitenganishwa na masimulizi ya nyumbani, nyota hiyo huwa ya yeyote. Kwa hiyo simulizi ya mjukuu si maelezo ya ziada juu ya kifaa. Ndiyo inayoandika jina ambalo mtoaji hakuliandika.

Kipo kisa ambacho waandishi wa historia ya kijeshi hawachoki kukirudia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mishahara, wazee walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta masalio ya sare. Asiye na ushahidi alikabidhiwa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Kisa hiki husomwa kama ushuhuda wa utiifu. Mimi siuoni utiifu huo. Naona wadai waliosubiri karibu nusu karne, na mdaiwa anayewataka wacheze gwaride ndipo awaamini. Hata kama kimetiwa chumvi, na muundo wake wa jaribio na kifaa duni una harufu ya ngano, kinaonyesha wazi kwamba mwili nao ni kikumbusho, na kwamba thamani ya kikumbusho hupimwa na yule anayedaiwa.

Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kuwa askari wa Wajerumani angali mtoto, alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Huyu ndiye mtoto aliyelikumbuka jina la baba kama mnara ulivyoagiza, ila alilikumbuka mbele ya dirisha la malipo. Alikataliwa. Baadaye aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akakataliwa tena. Katika jiji hilohilo alifundisha Kiswahili chuo kikuu, jambo ambalo historia ya taaluma yetu haijalitafakari vya kutosha. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Maisha hayo yanasikika ndani ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Afterlives* (2020). Wasomaji wengi huvutiwa na kitabu cha mashairi ya Schiller ambacho Hamza, askari aliyejeruhiwa, anaachiwa na ofisa wa Kijerumani. Ni rahisi kukiita ishara ya mapenzi yaliyovuka mipaka ya utawala. Usomaji huo unamwachia ofisa neno la mwisho. Katika mtiririko wa riwaya, kitabu kinapata kazi pale tu Hamza anapofasiri beti moja kwa Kiswahili ili ampelekee Afiya. Zawadi ya bwana inageuka kuwa barua ya mchumba, na kinachomfikia Afiya ni karatasi yenye lugha yake mwenyewe.

Lakini kikumbusho kizito zaidi katika riwaya hii hakishikiki kwa mkono. Ilyas, kaka yake Afiya, alikwenda vitani kwa hiari na hakurudi. Hakuna nishani, cheti wala kaburi. Afiya anampa mwanawe jina la Ilyas. Desturi ya kurithisha majina ni ya kawaida kwetu kiasi kwamba mhakiki anaweza kuipita bila kugeuka. Gurnah haipiti. Mtoto anaanza kusumbuliwa na sauti isiyo yake, sauti ya kike inayomuuliza Ilyas aliko, na mganga anayeitwa anasema mgeni huyo hataondoka mpaka Ilyas apatikane. Miaka mingi baadaye ni mpwa huyo huyo anayepekua nyaraka za Ujerumani na kukuta kwamba mjomba wake naye aliishia Sachsenhausen. Ahadi ya mnara ilikuwa kwa wana wa askari. Riwaya inamkabidhi dada kazi hiyo, na jina analolitunza halimwachi mwanawe alale.