Mwenye Gauni Ndiye Aliyelivaa: Uchambuzi wa Picha ya 1972

Mwaka 1972 Diane von Furstenberg alikuwa mbunifu kijana aliyehamia New York kutoka Ulaya, akiuza magauni ya kitambaa laini kinachovutika, yaliyotengenezwa Italia. Alipotaka tangazo katika Women's Wear Daily, gazeti la watu wa biashara ya mavazi, alilivaa mwenyewe gauni lake la mtindo wa shati akapigwa picha na Roger Prigent pamoja na mchemraba mkubwa mweupe. Alipoitazama picha, akaona mchemraba umekaa mtupu mno. Akaandika juu ya weupe ule, kwa mkono wake, maneno ya kumhimiza mwanamke ajisikie mwanamke, avae gauni. Miaka miwili baadaye alitoa gauni lake maarufu la kufunga kiunoni, na kufikia 1976 alikuwa ameuza zaidi ya milioni moja.

Picha hiyo inastahili kuchambuliwa na kila anayeuza nguo kwa simu leo, iwe Kariakoo au Eastleigh. Nguvu yake ya kwanza ni uchache wa vitu: jicho halina pa kwenda isipokuwa kwenye gauni na kwa aliyelivaa. Ya pili ni mwandiko. Ulijaza pengo la mpangilio, na papo hapo ukamfanya muuzaji aseme na mteja akiwa ndani ya picha. Ya tatu ndiyo kubwa zaidi: aliyelivaa ndiye atakayelaumiwa likifumuka. Mwanamitindo wa kukodi anaweza kupendeza kumzidi, lakini hawezi kutoa dhamana hiyo.

Hata hivyo, Diane alikuwa na Prigent. Kulikuwa na jicho la pili nyuma ya kamera, la kuona kola iliyopinda na pindo lililopanda. Anayejipiga picha mwenyewe hukosa jicho hilo, na hapo ndipo picha nyingi za wauzaji wetu huharibika. Lazima kila kazi ya jicho lile itafutiwe mbadala kabla ya kuvaa.

Anza na umbali. Simu ikishikwa kwa mkono huwa karibu mno: uso huonekana mkubwa, mwili hupungua kuelekea chini, na urefu wa gauni hauaminiki tena. Iweke kwenye stendi, hatua kadhaa mbele yako, kisha vuta picha mara mbili kwa lenzi ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele. Kimo cha stendi kiwe usawa wa kiuno. Kamera ikiwa juu hufupisha miguu. Ikiwa chini sana hurefusha kupita kiasi.

Kisha mahali pa kusimama. Weka stuli hapo, itandike kitambaa cha rangi inayokaribiana na ya gauni, gusa kitambaa hicho kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Tia alama sakafuni kwa chaki, ondoa stuli, simama juu ya alama. Kufunga mwanga peke yake hakutoshi: kamera hupenda kuleta kila kitu kwenye mwanga wa kati, hivyo gauni jeupe hutoka kijivu na jeusi hutoka limepauka. Kwa jeupe pandisha mwanga kidogo. Kwa jeusi ushushe.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Mwanga wa ubavuni huacha vivuli vidogo vinavyoonyesha mshono, mikunjo na uzito wa kitambaa, wakati mwanga wa usoni moja kwa moja hufuta vyote. Zima taa za ndani, kwa kuwa rangi yao ikichanganyika na ya mchana, bluu ya kitambaa inaweza kugeuka.

Kinachofuata ni mwili wenyewe. Dera, kwa mfano, limekatwa pana. Ukisimama umenyooka, mikono ubavuni, mteja haoni upana anaoulipia. Panua mikono kwa picha moja, tembea kwa nyingine, geuka kwa ya tatu. Tumia kipima muda na upigaji wa mfululizo, upate kuchagua pindo lilipotua vizuri. Usibane gauni kwa pini mgongoni ili lionekane limekukaa, maana hapo umeuza umbo ambalo halimo kwenye mzigo. Badala yake andika kimo chako na saizi uliyovaa. Kwa dera la saizi moja kwa wote, kimo chako ndicho kipimo pekee alichonacho mteja.

Faida hii ina mpaka. Mwili mmoja huthibitisha saizi moja. Ukianza kushona za wembamba na za wanene, mvalishe dada, mama au mteja aliyekubali, kwa stendi, alama na dirisha lile lile, ili tofauti inayoonekana iwe ya saizi peke yake.

Kabla ya kutuma picha sokoni, iweke kando ya gauni lenyewe mchana. Rangi ikitofautiana, au pindo likifika mahali tofauti na lilipofika mwilini, rudia kupiga. Umejitoa wewe kuwa shahidi wa bidhaa yako; picha isikusemee uongo.