Hesabu Ubaoni: Je, Yatosha Kubandika?

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa maendeleo wamelisifu sana tendo la kubandika hadharani hesabu za fedha za umma. Mfano wao mkubwa ni Uganda. Uchunguzi uliohusu miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi ya shule za msingi ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza migao magazetini na kwenye mbao za shule, na kiasi kilichofika kikaongezeka sana. Funzo hilo ni la kweli, lakini latumiwa kwa pupa. Mageuzi mengine yalifanyika wakati uleule. Tena ubao hauulizwi swali ukajibu.

Tuchukue Pande, kata ya pwani ya Kilwa. Mkulima wa ufuta ajua kwamba mazao yake hutozwa ushuru. Akisimama mbele ya karatasi iliyojaa vifungu na mamilioni ya wilaya nzima, atajuaje kama kisima cha kijiji chake kimo humo? Karatasi imetimiza sharti. Mwenye mali hajajibiwa. Sheria Na. 7 ya 1982 iliweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hapo hesabu hupata sauti, maana anayeisoma aweza kuulizwa papo hapo: kilipangwa nini, kimepokewa nini, kimebaki nini?

Wapo miongoni mwetu wanaojikinga kwa 2 Wafalme 12:15, ambapo wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Usomaji huo waikata sura vipande. Mstari wa 6 washuhudia kwamba hata mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi makuhani walikuwa hawajaitengeneza nyumba ya Bwana. Ndipo likawekwa kasha kando ya madhabahu, na fedha zikahesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu. Kuaminiana kulikuja baada ya kuhesabu, wala hakukuchukua nafasi yake.

Watu wa pwani, ambao wengi wao ni Waislamu, wanashiriki nasi neno moja: amana. Amana hairudishwi kwa tangazo. Hurudishwa mkononi mwa mwenyewe, naye huihesabu.

Lakini Kanisa lijitazame kwanza. Katika sharika nyingi sadaka ya Jumapili iliyopita husomwa hadi shilingi ya mwisho. Je, matumizi nayo husomwa kwa uangalifu uleule? Mchungaji anayekwepa swali la mzee wa kanisa atamtakaje mtendaji wa kijiji ajibu? Paulo, aliposimamia mchango kwa ajili ya watakatifu, hakutosheka na kuwa safi mbele za Bwana, alijali pia macho ya wanadamu (2 Kor. 8:20-21). Uwakili wetu hauna budi kuanzia hapo.